Nesi aliniuliza nimekula nini, nikataja walichokula watoto. Wenzangu mnajipakulia vipi?

MAMA WA CHAMAZI (Jumapili usiku)

Habari za jioni wapendwa. Nimeandika na kufuta mara tatu tangu Alhamisi. Leo natuma hivi hivi ilivyo.

Nina watoto watatu. Wa kwanza ni binti, yuko darasa la tano. Wa pili yuko awali. Wa mwisho ana mwaka na miezi minne na bado ananyonya. Tunakaa Chamazi, nami ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Baba yao ni dereva wa malori ya masafa, anakwenda Tunduma, akivuka anapita Zambia mpaka Kasumbalesa, kwa hiyo kwa mwezi tunamwona siku nne au tano, na hiyo ni foleni za mpakani zikiwa na huruma. Dada aliyekuwa ananisaidia aliondoka mwezi wa tatu kwenda kuolewa. Huyu mdogo siku hizi namwacha kwa mama jirani, namlipa kwa wiki.

Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Nabandika chai, naosha vyombo vya jana, nawaandaa wa shule, nanyonyesha, saa kumi na mbili kasoro niko kituoni. Gari moja mpaka Rangi Tatu, jingine mpaka Kariakoo, na mara nyingi nasimama njia nzima. Narudi saa moja na nusu, siku mbaya saa mbili na robo. Hapo ndipo jiko linawashwa. Nikishapika nakagua madaftari, nafua sare, nalala saa tano, na mdogo ananiamsha mara mbili tatu kunyonya. Najua humu kuna wenye ratiba nzito kuliko yangu. Naieleza ili mwelewe ninachotaka kuuliza.

Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku nimpeleke mdogo kliniki. Nikiwa kwenye benchi kizunguzungu kikanikamata, nikawa namwona nesi kama yuko ndani ya maji. Nilipozinduka nimeinamia magoti yangu, na mama mmoja nisiyemjua ameshampakata mwanangu. Nesi akaniingiza ndani, akanipima presha, akaniuliza, "Mama, umekula nini tangu asubuhi?"

Nikamjibu, "Chai na chapati, na mkubwa nimemfungia viazi."

Akauliza, "Mkubwa ndiyo nani?"

"Binti yangu."

Akaweka kalamu chini. Akasema taratibu kabisa, "Mimi nimekuuliza wewe."

Nikakaa natafuta, na sikupata. Asubuhi hiyo sikuwa nimetia kitu mdomoni. Jana yake usiku nilipakua wali na maharage, nikala kilichobaki kwenye sufuria nimesimama karibu na jiko, vijiko vinne vitano, huku naangalia kama sare zimekauka. Mchana wa jana yake nilikunywa soda na andazi, sikutaka kugusa hela ya kununua dagaa.

Damu ilisoma 8.1. Nimepewa vidonge na karatasi ya kurudi baada ya wiki sita.

Jioni ile nilikuwa nimechoka, nikamwambia binti atoe vyombo. Akatoa sahani tatu za plastiki, akazipanga mkekani. Nikamwambia, toa na yangu. Akanitazama, na naapa hakuwa na utundu wowote, alishangaa kweli: "Mama, wewe si huwa huli na sahani?"

Leo siku ya nne naishi na swali la mtoto wa miaka kumi.

Nilianza kujihesabu. Nguo za ndani nilinunua mara ya mwisho nikiwa na mimba ya huyu mdogo. Kichwa nasukwa twende kilioni, maana inakaa na haina gharama, na nikiifumua nafunga kitambaa hata wiki tatu. Desemba kikoba chetu kilivunja mfuko, gawio langu likaenda ada, mabati ya choo na mchango wa harusi ya shemeji. Sijutii hata moja. Ila wenzangu kila mmoja alitoa hata elfu kumi akajinunulia kitu, na mimi wazo lenyewe halikunijia.

Tena kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa kwanza wa ndoa wifi yangu mkubwa alinikuta nimejipakulia paja la kuku mbele ya wanawe. Akasema watu wasikie, kwamba mwanamke mwenye uchu hakai kwenye ndoa. Nina miaka kumi na mbili kwenye ndoa hii na sijala paja la kuku nyumbani kwangu.

Ijumaa nilijaribu. Nilitoa sahani, nikajiwekea ugali, matembele na kipande cha samaki, changu. Wa pili alipomaliza chake akaangalia sahani yangu. Hakuomba. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikampa samaki.

Swali langu: wenzangu mnachukuaje fungu lenu bila kujisikia kama mnawaibia watoto? Naomba mtu anieleze anavyofanya yeye, kwa mikono yake. Yale ya "jipende kwanza" nimeyasikia redioni, hayanifikishi jikoni.

NESI WA ZIWANI (Jumapili usiku)

Pole sana mama. Mimi ni nesi, miaka kumi na moja kliniki ya mama na mtoto huku Mwanza. Wapo wanaonijibu kama ulivyojibu karibu kila wiki, kwa hiyo usione umefanya jambo la ajabu.

Niseme kwanza la damu, maana naona umelipita haraka. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu ni upungufu ikishuka chini ya 12. Ikishuka chini ya 8 tunauita mkali. Wewe una 8.1, yaani umesimama ukingoni, na kila siku unapanda daladala mbili, unanyonyesha, unalala saa tano. Kwa huo uchovu ulikuwa unailaumu kazi, kumbe una namba.

Vidonge: vimeze na maji, au na maji ya chungwa au ndimu. Usimeze na chai. Chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na nusu ya mama zangu wanameza na chai ya asubuhi kisha wanarudi damu haijasogea. Chai iache isubiri hata saa moja baada ya chakula. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likichafuka meza baada ya kula kidogo, ila usiache. Na hata ukijisikia vizuri wiki ya pili, maliza vyote. Chakula cha damu hakihitaji utajiri: dagaa, maini hata ya elfu mbili, maharage, mchicha, matembele, na chungwa pembeni.

Ukirudi kliniki muulize nesi kwa nini damu imepungua, maana kula vibaya ni sababu moja tu. Waambie hedhi yako ikoje. Kama umeweka kitanzi cha shaba, kwa baadhi ya wanawake kinaongeza damu ya mwezi, na zipo njia nyingine, kijiti kwa mfano. Mwambie pia lini ulimeza dawa ya minyoo mara ya mwisho. Najua wa watoto unayo tarehe kwenye kadi.

Kama umefika miaka 30 na hujawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, chunguzwa. Wanapaka siki nyepesi na kuangalia, ni dakika chache, majibu papo hapo. Saratani hii kwetu inawapata wengi, na inayoonekana mapema inatibika. Wanawake wananiambia "nikipata nafasi". Wanakuja tayari wanatokwa damu.

La mwisho, nalisema kwa upendo. Ukiona unalia kila siku, usingizi hauji hata mtoto akilala, au mawazo yanakwambia heri usingekuwepo, usivumilie. Nenda pale pale kliniki useme kwa maneno hayo hayo. Ni ugonjwa, una matibabu, na hauhusiani na kuwa mama mbaya.

BIBI WA NG'AMBO (Jumatatu asubuhi)

Mwanangu, mimi niko Unguja, wajukuu zangu tisa, na mmoja ndiye ananiandikia haya nikisema.

Umeniuma hapo kwa wifi. Neno moja la miaka kumi na mbili linakukalia kwenye sahani mpaka leo. Alikukosea. Nataka ulisikie kwa mtu mzima.

Sasa sikiliza sisi tulivyokuwa. Mtu akizaa, anaitwa mzazi, na mzazi ana arobaini yake. Siku zote hizo hashiki mwiko. Ana chungu chake peke yake, uji wake wa pilipili manga, supu yake, na mtu mwengine hakigusi hata kama ndani mna njaa. Asubuhi anakandwa maji ya moto na mtu mzima, anafungwa mkaja tumbo lirudi, jioni anafukizwa udi. Nani alifanya hayo? Si yeye. Mama yake, shangazi, somo yake, majirani. Mzazi hakuambiwa ajipende. Alipendwa, tena kwa zamu. Nyinyi mumeachiwa kila kitu mikononi mwenu wenyewe, kisha munaulizwa kwa nini hamujitunzi. Mimi swali hilo silipendi.

Lakini na baada ya arobaini mama yangu hakuacha. Tulikuwa saba, baba mvuvi. Kila Alhamisi usiku akisaga singo yake ya kujisugua mwili: liwa, karafuu, mlangilangi, rehani, akaikanda kwa marashi. Akaingia chumbani akafunga mlango. Sisi nje tunagombana, mmoja analia, mmoja anagonga. Akijibu neno moja: "Nipisheni." Tukapisha. Akitoka ananukia mpaka uani. Mimi leo mama yangu hayuko miaka thalathini, nikinusa liwa namwona. Hakutwambia kitu juu ya thamani ya mwanamke. Tuliijua pale mlangoni.

Na hilo la samaki nitakufunza, maana uliomba la mikono. Nenda kanunue kawa. Ile ya ukili, ya kufunikia chakula. Kwetu kawa ilifunika chakula cha baba, na kila mtoto akijua kilicho chini ya kawa kina mwenyewe, hakiguswi, hata awe wa miaka miwili. Basi wewe ukiepua, kabla hujampakulia mtu, pakua chako, funika kawa, weka juu. Kisha ndiyo uwagaie wao. Usijipakulie mwisho, mkono wa mwisho hauna nguvu. Na yule wa pili akikuangalia, mwambie, "Hiki cha mama." Mtoto aliyeshiba hadhuriki kwa kuambiwa hivyo. Anajifunza kuwa mama naye ni mtu wa kula.

DEREVA WA TUNDUMA (Jumatatu jioni)

Shikamoo Bibi. Poleni akina mama. Nimesoma huu uzi nikiwa nimepaki Makambako na nimeshindwa kuendelea na safari bila kusema.

Mimi ni dereva kama shemeji. Simjui, lakini namjua. Njiani nakula. Ikifika saa saba nasimama, naagiza wali nyama au kuku, soda baridi, na siulizi kama watoto wamekula ndiyo nimeze. Ni posho, na posho ya dereva ni ya kula. Kampuni yenyewe inajua mtu asiyekula hawezi kushika usukani.

Jioni napiga simu. Kila siku nauliza, "Mmekula?" Mke wangu anajibu, "Tumekula." Nafurahi, nakata, nalala.

Nimekaa hapa najiuliza hiyo "tu" ilikuwa na watu wangapi. Miaka tisa namuuliza kwa wingi, naye ananijibu kwa wingi, na sijui hata siku moja kama yeye alikuwemo. Leo nimepiga, nikamuuliza, "Wewe umekula nini?" Kimya. Akasema, "Kwani kuna nini?" Alidhani nimesikia habari mbaya.

Sina ushauri kwa mwenye uzi. Nawaambia wanaume wenzangu mlio humu, ulizeni kwa umoja. Na hela ikitumwa, tumieni ya nyumba na ya kwake, mkiitaja: hii ni yako, sitaki kusikia imeenda kwenye daftari.

MUUZA MAHAMRI, LIKONI (Jumatatu usiku)

Mimi nitasema tofauti, na sitaki mtu aone nina ubaya.

Nalea wanne peke yangu, mwenzangu alifariki 2021. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na feri, jioni viazi karai mtaani. Bibi namheshimu sana, lakini kuna jioni nikirudi unga ni kilo moja na sukuma ya shilingi kidogo. Nikipakua changu kwanza nikafunika kawa, nitakuwa nimefunika chakula cha mtoto. Hayo si mawazo ya wifi wala ya redio, ni sufuria ndogo. Wengi wanaoandika mambo ya mama kujitunza wanaandikia mama mwenye kitu cha kupakua. Sisi wengine tunasoma tunajiona tumeshindwa mara ya pili.

Kwa hivyo dadangu, nitakwambia kilichonisaidia mimi, maana hali ni yangu na pengine kuna mwingine kama mimi anasoma.

Kwanza ni jirani. Ana watatu, kazi yake ni kusuka makuti na kufua nguo za watu. Tulikaa siku moja kibarazani, wote tumechoka hata kuongea, nikamwambia niachie wako Alhamisi jioni. Akasema basi wako nipe Jumanne. Tumeenda hivyo miaka miwili sasa. Jumanne saa kumi na moja watoto wangu wanavuka ukuta, wanarudi saa tatu wameoga. Mwanzo nilikuwa nafua saa hizo. Akanikuta, akaninyang'anya beseni. Tangu hapo Jumanne nalala, au natembea mpaka ufuoni naketi naangalia feri ikienda ikirudi, nikiwa sijashika mkono wa mtu. Haigharimu hata ndururu.

Pili ni kuhesabu. Nilikuwa nikikata chapati nne katika vipande vya watu wanne. Mwanangu wa pili, hesabu anaipenda, akaniuliza, "Mamá, sisi si watano?" Sasa nakata vitano. Ni vidogo. Kuna siku ni vidogo vya kuumiza. Lakini ni vitano, na nakula changu nimekaa chini nao.

MAMA WA CHAMAZI (Jumanne usiku)

Nimesoma yote ndani ya daladala, nikapitiliza kituo.

Nesi, asante. Nilikuwa nameza na chai. Kitanzi ninacho, cha shaba, na hedhi tangu nimeweka ni siku saba nzito, wala sikujua vinahusiana. Miaka ninayo 34, hicho kipimo sijawahi.

Mahamri wa Likoni, nimekuelewa, na nashukuru umesema. Kwangu kuna wiki kama hizo pia, mume akikwama mpakani. Ila nikijiambia ukweli, siku ninazoacha kula nyingi si za sufuria ndogo. Ni za mazoea. Chakula kinakuwepo na mimi simo kwenye hesabu. Mwanao ameuliza swali lile lile la binti yangu.

Jambo jingine, sijui kama ni la hapa. Likizo sijachukua mwaka wa pili huu. Bosi anasema duka haliwezi kukaa bila keshia, atanifidia. Naogopa kudai, wanaotafuta kazi Kariakoo ni wengi.

AFISA UTUMISHI (Jumatano)

Ni la hapa kabisa. Kwa ufupi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka zenye malipo. Si hisani ya bosi. Na kwa kuwa unanyonyesha, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akuruhusu muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, usiozidi saa mbili kwa siku. Kutoka Kariakoo huwezi kufika Chamazi ukarudi kwa saa mbili, hivyo akina mama wengi huomba kuingia wamechelewa au kutoka mapema, mnakubaliana. Andika barua fupi, ya heshima, taja tarehe, bakia na nakala iliyosainiwa. Usianze kwa kutaja sheria. Anza kwa kutaja nani atashika mashine ukiwa haupo. Ikifika pabaya kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini mara nyingi haifiki huko ukiwa na barua mkononi.

BIBI WA NG'AMBO (Jumatano)

Mtu wa Likoni, umesema kweli na mimi nimekosa kukutaja. Kwetu pia zilikuwepo siku za muhogo mtupu. Siku hizo kawa halikutolewa, tulikula sinia moja, mkono kwa mkono, na mama mkono wake umo siniani. Hilo ndilo nililotaka kusema nikalisema kwa kawa. Huyo jirani yako mtunze. Ndiye arobaini yako.

MAMA WA CHAMAZI (wiki saba baadaye)

Samahanini kwa kimya. Niliahidi nafsi yangu sitaandika mpaka nirudi kliniki, nisije nikaleta maneno matupu.

Damu 10.2. Nesi yule yule. Aliniuliza tena nimekula nini, nikamjibu yangu, akacheka kwa furaha, akaandika. Kitanzi tumekubaliana nikitoe, naweka kijiti.

Kawa nilinunua sokoni Rangi Tatu, la ukili lenye mistari ya zambarau. Wiki ya kwanza lilikuwa zito kuliko sufuria. Nilipakua, nikafunika, nikageuka, nikalifunua nikarudisha nyama mbili chunguni, nikafunika tena. Wa pili alilia siku ya kwanza nilipomwambia "hiki cha mama". Alilia kama dakika tano. Mimi ndani nilikuwa nalia zaidi yake, lakini nilikula. Siku ya tatu hakuuliza. Siku ya kumi hivi nilichelewa, foleni ya Mtoni, nikafika saa tatu kasoro. Binti alikuwa ameshapasha wali wa jana na kuwagawia wadogo zake. Juu ya ndoo ya maji kulikuwa na kawa. Nilifunua, nikakuta wali, maharage na nusu parachichi. Sikumfundisha mimi kuweka parachichi.

Wiki ya nne mume alikwama mpakani Nakonde siku sita, hela ikaisha. Tulikuwa na mayai matatu na watu wanne wa kula, ukimhesabu na mdogo. Zamani mgawanyo ule ungekuwa rahisi sana. Nikamkumbuka mtu wa Likoni, nikayakaanga pamoja na nyanya, nikakata vinne.

Mume nilimwonyesha maneno ya Dereva wa Tunduma, sikumwambia uzi ni wangu. Alisoma akanyamaza, akatoka nje kuangalia matairi. Siku hizi akipiga anauliza "wewe umekula nini", na mimi namtajia kimoja kimoja. Habari ya dada yake na lile paja la kuku nimemwambia pia, mara hii alipokuwa nyumbani. Alikuwa hajui. Kesho yake alileta kuku mzima, akapika mwenyewe kwa namna wanavyopika njiani, na paja akaliweka kwenye sahani yangu mbele ya watoto. Nilikula polepole sana.

Likizo nimepewa siku 14 kwanza, kumi na nne nyingine mwezi wa kumi na moja, kwa barua. Kutoka mapema bado tunajadiliana.

Sijamaliza kila kitu. Nguo za ndani nimenunua, kichwa bado ni twende kilioni, na kuna siku bado najikuta nimesimama karibu na jiko na kijiko mkononi.

Kipimo cha siki naenda Jumamosi hii. Yule mama aliyempakata mwanangu siku ya kizunguzungu nilikutana naye tena kliniki, kumbe tunakaa mitaa jirani, naye hajawahi kupimwa, tunakwenda wote. Binti atabaki na wadogo kwa mama jirani mpaka saa sita. Nesi wa Ziwani, kabla sijasahau: niende nimekula, au inatakiwa tumbo tupu?

NESI WA ZIWANI (usiku huo huo)

Nenda umekula, mama. Usiende tu ukiwa kwenye hedhi, na mvae magauni mapana, itawarahisishia.